Majani Yasiyooshwa

Barre hakuwa na sura ya muuaji, na hilo lilimkera Inspekta Kinya kuliko kitu kingine chochote katika kesi ile. Ukishamtia mtu pingu mbele ya kamera za watu wa habari, ukamsukuma garini huku umati unashangilia, ungependa naye akusaidie kidogo, walau awe na macho mekundu. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina na miwani iliyofungwa kwa uzi, na katika chumba cha mahojiano mjini Meru alikaa wima akimtazama Kinya kwa subira, utadhani Kinya ndiye aliyekamatwa.

Malori yake ndiyo yaliyobeba makaa ya mawe. Makaa yalichimbwa ng'ambo ya Mto Tana, upande wa Ukambani, yakavushwa kwenye bwawa la Kiambere na kurundikwa katika ardhi ya Wambeere mpaka yakawa kilima. Kutoka hapo malori ya Barre yaliyapandisha Embu na Meru, yakayateremsha Isiolo kuelekea bandarini, yakachomwe katika nchi za watu. Faida iliondoka na meli. Vumbi lilibaki Kiambere, juu ya mabati, ndani ya matangi ya maji ya mvua, na vifuani mwa watoto wasiojua hata meli inafananaje.

Aliyelipigia kelele vumbi hilo alikuwa Gitari, tabibu mstaafu wa zahanati ambaye kila mtu alimwita daktari. Jumatatu inayokuja ndiyo siku aliyopangiwa kusimama mbele ya jaji mjini Embu, aombe usafirishaji wa makaa usimamishwe. Lakini Ijumaa ya wiki iliyotangulia mkewe alirudi kutoka sokoni akamkuta chini ya tangi la nyumbani kwao, fuvu limepasuka, vumbi jeusi limejaa kwenye kidonda. Ngazi ya kupandia paani ilikuwa imetundikwa mahali pake nyuma ya jiko, na mtu aliyeanguka akafa haamki kurudisha ngazi. Basi palikuwa na mkono wa mtu. Na mkono wa nani, kila mtu alijua: watu wa makaa. Kinya naye alijua, mpaka alipoanza kumhoji Barre.

"Tuanze tena," alisema. "Ulimtisha Daktari Gitari?"

"Nilimtisha."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akiendelea kuongea na madereva wangu atajuta. Watu wote pale kwa yadi yangu Kinoru walisikia. Mimi sisemangi kwa kunong'ona, madam."

"Kwa nini hukutaka aongee nao?"

"Alimwambia ndugu yangu Abdimalik aache lori. Akamwambia kifua yake imekwisha. Sasa dereva akisikia hiyo maneno, wengine watabaki?"

"Na Abdimalik anaumwa kweli?"

Barre alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Akikohoa, kitambaa inatoka nyeusi. Unataka niseme nini? Daktari alikuwa na haki. Ndiyo maana nilikasirika."

Sajini Mithika, aliyekuwa ameegemea mlango, aliguna. Kinya hakumtazama.

"Ijumaa ile malori yako yalikuwa wapi?"

"Yamelala hapa Kinoru, nyuma ya uwanja wa mpira. Ijumaa hatutembei. Madereva wote ni watu wa nyumbani, wanaenda msikitini. Uliza hata muuza chai pale getini."

"Mtu anaweza kutuma mtu."

"Anaweza," Barre alikubali. "Lakini nimtume kwa nini, na tulikuwa tumepatana? Jumatano kabla ya hiyo Ijumaa alikuja kwangu. Akamwangalia Abdimalik, akampa dawa, akakunywa chai. Wallahi hakuchukua hata senti. Halafu akaniambia habari ya muguka."

"Habari gani ya muguka?"

"Kwamba vumbi imekaa juu ya hayo majani watu wanatafuna kama miraa, na watu wa muguka hawaoshangi. Ukiosha inaharibika. Inaenda hivyo hivyo mpaka mdomoni mwa mtu huko Mombasa. Akasema Jumatatu ataweka maji mbele ya jaji, na ataweka majani pia." Barre alivaa tena miwani yake. "Mimi nilicheka. Nikamwambia, mzee, sasa ndiyo umepata maadui."

Kinya alikumbuka. Chumbani kwa marehemu alikuwa ameona chupa za jamu zilizojaa tope jeusi la chini ya matangi, kila moja na jina la mwenye nyumba. Pembeni palikuwa na chupa moja ya majani. Aliiona, akaipita. Alikuwa na haraka ya kumkamata mtu.

"Mrudishe ndani," alimwambia Mithika. "Halafu leta gari."

Kutoka Meru kushuka hadi Kiambere ni safari ya kukatisha tamaa. Unaanza na migomba na chai, baridi inakupiga mashavu. Unapita Chuka, unapita Embu, na kila ukiteremka ardhi inazidi kunyang'anywa kitu, kwanza ukungu, halafu mito, halafu kivuli. Mithika aliendesha huku shavu moja limevimba miraa. Alikuwa mwana wa Maua, nchi ya miraa, na kwake kulikuwa na mmea mmoja tu duniani.

"Muguka ni chakula ya mbuzi, afande," alisema. "Miraa unamenya, unatafuna ganda ya ndani, safi. Hawa wanajaza majani mdomo mzima kama wako malishoni."

"Na wewe ungefurahi jaji akiupiga marufuku."

"Mimi? Siku hiyo nachinja." Kisha akawaza kidogo. "Lakini hapa Mbeere watakula nini? Mahindi haikubali. Ndengu ni ya kubahatisha. Watoto wote wamesomeshwa na hii takataka."

Kilima cha makaa kilionekana kabla ya bwawa, kimekaa katikati ya vichaka vya migunga bila haya. Tangu Barre akamatwe hakuna lori lililopakia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi mtu angeweza kuona ng'ambo ya barabara. Wanawake waliokuwa njiani walilipungia gari la polisi mkono. Kinya alijibu salamu zao, na moyoni akajiona mwizi.

Cicily, mjane wa Gitari, alikuwa uani akipeta ndengu. Alimwonyesha Kinya kigoda bila kusimama.

"Mmekuja na habari au na maswali?"

"Maswali, Mama. Naomba tuone tena zile chupa."

"Nendeni. Mimi nazipangusa kila asubuhi. Alisema zisiguswe na mtu mwingine."

Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda kimoja na meza. Chupa zilikuwa vile vile kama Kinya alivyoziacha: tope jeusi, zito, lililotulia chini ya maji machafu. Mithika aliifungua chupa ya majani kabla hajaambiwa, akanusa, akachomoa kijani kimoja, na mkono wake ukaanza safari ya kwenda mdomoni.

"Sajini! Hicho ni kielelezo!"

"Samahani, afande. Mkono yenyewe." Alikigeuza kile kijani mbele ya dirisha, akakunja uso. "Lakini hii ni ya soko."

"Umejuaje? Si uliita chakula cha mbuzi?"

"Adui yako si lazima umjue? Angalia. Ni ncha tupu. Nyororo. Hakuna hata jani moja kubwa hapa ndani. Mtu amesimama akachuma vizuri, moja moja, kama anapelekea mnunuzi."

Kinya alichukua chupa. Yeye ni mtoto wa kahawa, wa Githongo, na alilelewa akifinywa masikio kila alipochuma tunda bichi. Mpaka leo akipita karibu na mti wa kahawa, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye tunda jekundu. Gitari alitafuta vumbi. Mtu anayetafuta vumbi atachuma jani pana, kuukuu, lililokaa kando ya barabara msimu mzima likilipokea. Asingegusa ncha laini zilizochipua juzi.

Alitoa kitambaa chake cheupe, akalifuta jani moja pande zote mbili. Kitambaa kilibaki cheupe. Akatoka nje hadi kwenye mistari ya muguka ya marehemu kando ya njia ya malori, akakata jani pana la chini, akafuta. Kitambaa kilitoka na alama nyeusi iliyong'aa, ya mafuta mafuta.

"Mama," aliuliza akirudi, "majani ya ile chupa yalichumwa lini?"

"Jumatano. Kabla hajaenda Meru. Mimi ndiye niliyemshikia chupa."

"Yalikuwaje?"

"Makubwa. Machafu. Nilimwambia hata mbuzi hatakula hayo."

Majani yaliyokaa chupani tangu Jumatano ile yangekuwa yameoza au yamekauka. Haya yalinyauka tu, na rangi ya kijani ilikuwa ingali hai. Kuna mtu aliyeyatoa majani ya Gitari akatia mengine, hivi karibuni, akijua mjane anazipangusa chupa na angegundua moja ikipotea. Na mtu huyo alipotaka majani machache ya kujazia, hakuweza kuchuma vibaya. Mikono ilichuma kama ilivyozoea.

"Ni nani aliyeingia chumba kile tangu msiba?"

"Watu wa msiba ni wengi, mwanangu. Lakini wanalala sebuleni na jikoni. Mle chumbani nilimlaza Mwalimu Angeline, juzi alipokuja kukesha na mimi. Mgongo wake unamsumbua."

Kinya na Mithika walitazamana. Mwalimu Angeline alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga makaa. Ndiye aliyesimama mbele ya kamera akilia, akadai Barre akamatwe. Na ndiye aliyekusanya muguka wa kijiji kizima na kuusafirisha.

"Ijumaa ile, Mama, ulipotoka sokoni, ulikutana na nani njiani?"

"Nilishawaambia. Hakuna lori, hakuna mgeni."

"Wageni niliuliza siku ile, na nilikosea. Leo nauliza gari lolote."

Mikono ya Cicily iliendelea kupeta. "Ni pikapu ya muguka tu. Muthomi akiendesha, na Mwalimu amekaa mbele. Walinipungia."

"Walikuwa wanatoka wapi?"

"Wanatoka hapa kwe..." Ungo ulisimama.

"Mlikuwa bado mnauza muguka?"

"Gitari alikataa tangu aone vumbi. Msimu huu hatujauza hata kijani kimoja." Cicily alimtazama Kinya usoni kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo walifuata nini kwangu?"

Swali hilo Kinya alitaka kwanza kumuuliza Mwalimu mwenyewe. Aliinuka.

Banda la Mwalimu Angeline lilikuwa karibu na soko. Wanawake walikaa chini kwenye maturubai wakichambua majani, watu wazima kwa wasichana, vidole vikienda mbio, na kila dakika mmoja wao alikohoa bila kusitisha kazi. Pikapu ilikuwa imegeuzwa tayari, uso kuelekea barabara. Gari la muguka haliegeshwi likitazama ndani. Majani yakichelewa yananyauka, na yakinyauka ni kuni. Hakuna kitu Mbeere kinachokwenda kasi kuliko pikapu hiyo, hata gari la wagonjwa.

Mithika alikwenda kuzungumza na wanawake. Kinya alimfuata dereva, kijana mwenye kofia aliyekuwa akikaza kamba za magunia.

"Muthomi, ni wewe?"

"Ni mimi, madam."

"Ijumaa aliyokufa daktari, ulibeba magunia mangapi kwake?"

"Mawili," Muthomi alisema haraka. "Ndiyo, mawili. Tulipakia tukaenda."

"Nani alikupa? Daktari mwenyewe?"

"Daktari mwenyewe."

"Daktari aliacha kuuza muguka tangu msimu uliopita. Muulize yeyote hapa."

Kamba ilimponyoka. Alitazama bandani, akatazama barabara, na Kinya akamwona akipima umbali.

"Usijaribu," alimwambia kwa upole. "Sajini wangu ametafuna tangu Meru. Atakukimbiza mpaka Mombasa."

Muthomi alikaa juu ya gurudumu la akiba. Alivua kofia, akaonekana mtoto. "Mimi sikushuka kwa gari, madam. Naapa. Mwalimu aliniambia nisimamishe hapo kidogo, anaenda kuongea na daktari. Walikuwa wanabishana. Daktari alikuwa juu ya ngazi, anaosha mfereji ya mabati. Halafu nikasikia, pu."

"Halafu?"

"Mwalimu akakaa huko. Akarudi akasema twende, muguka inanyauka."

"Ulimuuliza daktari yuko wapi?"

"Niliuliza. Akasema ameanguka lakini yuko sawa, bibi yake anakuja." Alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Lakini nilikuwa namsikia. Injini ilikuwa imezimwa, nilikuwa namsikia akilia. Kama mtu anaita, lakini bila maneno."

"Na ukawasha gari."

"Mwalimu ndiye amenipa hii kazi, madam."

"Mpaka mnafika Embu, mlipita hospitali ngapi?"

Muthomi alianza kulia, na hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Mwalimu Angeline hakuhitaji kuitwa. Alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu aliyejifunga leso kiunoni, akasimama kati ya Kinya na kijana wake kana kwamba alikuwa bado zamu shuleni.

"Inspekta, ukitaka kuuliza kitu niulize mimi. Huyo wacha afanye kazi. Saa inaenda."

"Kwa nini ulibadilisha majani kwenye chupa?"

Alifumba macho kidogo tu. Mtu ambaye hakumfahamu angedhani ni jua.

"Umeona, eh?"

"Ulichuma ya soko."

"Ya soko." Alitazama vidole vyake. Kucha zilikuwa nyeusi kwa utomvu. "Nilichuma gizani kabla wenzangu hawajaamka. Sikufikiria. Mikono imezoea."

"Nieleze habari za ngazi."

"Nilimsihi, Inspekta. Wiki nzima nilimsihi yule mzee. Nikamwambia, sema kifua. Sema maji, sema watoto, tuko pamoja, mimi mwenyewe nitasimama nyuma yako. Lakini usiseme muguka. Ukishasema muguka ina vumbi ya makaa, kesho hakuna mnunuzi atagusa mzigo ya Mbeere. Si ya barabarani peke yake. Yote. Akaniambia, Mwalimu, na hao wanaotafuna ni watu pia." Sauti yake ilipanda. "Watu! Mimi nina kina mama mia na zaidi hapa, na yeye analilia walevi wa Mombasa!"

"Ukaivuta ngazi."

"Niliishika ngazi. Nilitaka ashuke tuongee kama watu wazima. Akaendelea kupanda, ananiambia niangalie mfereji, niangalie vumbi. Nikaitikisa." Alimeza mate. "Sikutaka afe."

"Alikuwa hajafa, Mwalimu. Alikuwa analia."

Bandani mwanamke mmoja alikohoa. Kisha mwingine.

"Nilijua nikimpeleka hospitali atasema mimi ndiye nilimwangusha," Angeline alisema polepole, "na kesi itakufa. Nikafikiria mzigo. Nikafikiria ngazi, wasiulize nani aliitikisa, nikairudisha. Halafu tulipokuwa njiani nikafikiria kwamba wakimkuta hivyo, watasema ni wale wa makaa, na jaji atatusikiliza." Akamtazama Kinya moja kwa moja, bila machozi. "Na ikawa kweli. Si malori yamesimama? Gitari alipiga kelele miaka yote, hakuna lori lilisimama. Amekufa, yamesimama."

"Barre yuko ndani kwa ajili yako."

"Barre amebeba sumu kwa malori yake. Acha akae."

Lililomuumiza Kinya ni kwamba kwa dakika nzima alilifikiria jambo hilo. Angenyamaza tu. Mbeere nzima ingemshukuru, makaa yangebaki yalipo, na huko Meru Msomali mmoja angeozea gerezani, na wangapi wangeuliza? Aliona aibu kiasi kwamba aliishika pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nyoosha mikono, Mwalimu."

Wanawake wote waliacha kuchambua. Mithika aliwafungia mlango wa nyuma Angeline na Muthomi garini, na hapo simu ya Kinya ikalia. Alikuwa mkubwa wake kutoka Embu, na Kinya alimweleza kwa kifupi.

"Mwenyekiti wa kamati mwenyewe?" mkubwa alicheka. "Kinya, umemaliza kazi. Jumatatu wakili wa kampuni hatahitaji hata kufungua mdomo."

"Sikuifanyia kampuni, afande."

"Wewe ulimfanyia nani?"

Kinya alikata simu. Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana lilimchoma.

Aliona ni deni lake kumwambia mjane kwa mdomo wake mwenyewe, kabla hajasikia redioni. Lakini habari za Kiambere zina miguu mingi. Walipofika, ua wa Gitari ulikuwa umejaa: majirani, wachumaji, watu wa kamati wenye fulana zilizoandikwa HAPANA KWA MAKAA. Cicily alikuwa amesimama katikati yao, ungo ungali mkononi. Kaberia, mweka hazina wa kamati, ndiye aliyekuwa akisema.

"Mama, sisi tumekaa tukaongea. Kufa amekufa. Hatuwezi kumrudisha. Wewe sema tu alianguka. Sema ngazi ni wewe uliyerudisha, ulikuwa umechanganyikiwa. Polisi hawatakuwa na kesi. Mwalimu atatoka, na Jumatatu tutaenda kortini wote."

"Na mtu yule wa Meru?" Cicily aliuliza.

"Huyo si wetu."

Kinya alimwacha Mithika garini na washukiwa, akajipenyeza mbele. "Mzee, hayo unayosema ni kosa mbele ya sheria. Na hayatasaidia. Muthomi ameshasema."

"Muthomi atasema kile tutamwambia," Kaberia alijibu bila hasira. "Inspekta, wewe ni wa kule kwa kahawa. Mvua ikinyesha kwenu ni baraka, kwetu ni tope nyeusi. Hatuna kitu kingine. Ukipeleka hii maneno, muguka imekufa na makaa imepona. Sasa umetusaidia nini?"

Wengi waliitikia. Msichana mmoja aliyejifunga mtoto mgongoni alilia waziwazi, na mtoto akakohoa. Kinya alitoa simu. Mbele yao wote akapiga kituo cha Meru.

"Mtoeni Barre," alisema. "Ndiyo, sasa hivi. Mpeni na vitu vyake vyote."

Hakuna aliyemtukana. Walianza kuondoka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na kila aliyeondoka alipita mbele ya Cicily bila kumpa mkono, kana kwamba ndiye aliyewauza. Kaberia alikuwa wa mwisho. Alivua fulana yake ya kamati, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda.

"Jumatatu usitungoje," alisema.

Ua ulibaki na kuku na maganda ya ndengu. Cicily aliitazama ile fulana kwa muda mrefu.

"Alilia muda gani?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Unajua."

"Muthomi alimsikia mpaka gari lilipoondoka."

Mjane alitikisa kichwa. Hakulia. Aliingia chumbani, na Kinya alipomfuata alimkuta akizifunga chupa za tope katika gazeti, moja moja, na kuzipanga kwenye karai. Chupa ya majani aliiacha nje. Kisha alitoka na kisu hadi kwenye mistari ya muguka kando ya njia, akakata tawi zima, kuukuu, jeusi, akalirudisha na kulilaza juu ya zile chupa.

"Mama, haya hayana nguvu ya ushahidi tena. Bila daktari, bila kamati, wakili atakuchana."

"Anichane. Nitasema maji, nitasema vifua, na nitasema muguka. Yote aliyotaka kusema."

"Nani atakupeleka Embu? Hapa hakuna mwenye gari atakayekubali kukubeba sasa. Nitakuja mimi, alfajiri."

"Nishuke kortini na gari la polisi? Watasema nimeletwa." Cicily alifunika karai kwa leso akakaza fundo. "Si umemtoa yule mtu wa malori? Kesho wataanza kupakia tena. Jumatatu asubuhi nitasimama hapo barabarani na karai yangu, nisimamishe lori ya makaa. Hayo ndiyo magari yatakayopita hapa yakienda Embu."